Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Paa Yaishie Uani

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtasomewa na Mweka Hazina, na majina ya wanachama wapya anayo Katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo moja lililozua mabishano karibu kila kikao mwaka huu: bustani za mvua, yaani vibonde vya kupokea na kuzamisha maji ya paa.

Mto Msimbazi wote tunaujua. Unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza jiji la Dar es Salaam, unamwaga maji yake baharini pale daraja la Salender. Masika yakikolea Jangwani hapapitiki, na lawama zote zinashukia bondeni: wamejenga mtoni, wanatupa taka mtoni. Ni kweli, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe wazi. Lakini sisi wa huku juu tumezoea kujitoa kwenye lawama hizo, nami nimekuwa nikisema tangu mwanzo kwamba maji yanayowazamisha wenzetu yanaanzia kwenye mabati yetu.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, kitu cha kawaida kabisa wakati wa masika, linamwaga lita 2,000. Hayo ni mapipa kumi kwa nyumba moja. Zamani mengi yalinywewa na mchanga wa uani. Siku hizi tumetandika pevingi ukuta hadi ukuta, maji yanatoka getini mbio, yanapita gereji yanazoa oili chafu, yanapita barabarani yanazoa vumbi la matairi na breki, yanabeba chupa, na kufika mtoni bila kuchujwa popote. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo chafu kuliko zote, maana inafagia uchafu wa miezi.

Bustani ya mvua inayakatiza maji hayo njiani. Ni kibonde kinachochimbwa makusudi, kina cha sentimita 15 hadi 20, chini kukiwa na mchanganyiko wa mchanga, udongo na mboji, na juu mimea inayostahimili kuloa leo na kukauka mwezi ujao. Ukiwa na eneo la mita 5 kwa 2, kibonde cha sentimita 15 kinashika lita 1,500 kwa mkupuo, na udongo unaendelea kunywa wakati mvua inanyesha. Tope linatuama, madini kama zinki na risasi yananasa kwenye udongo na mboji, oili inaliwa na vijidudu vya udongoni. Mbinu hii ilianzia jimbo la Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na kwa wale wanaouliza kama udongo kweli unasafisha: huko Seattle maji ya barabarani yalikuwa yakiua samaki aina ya samoni, na mwaka 2020 watafiti wakaibaini kemikali inayotoka kwenye matairi kuwa ndiyo muuaji. Maji hayohayo yakipitishwa kwenye mchanga na mboji, samaki wanaishi.

Kuhusu mimea, kamati iliamua tuanze na ya kwetu. Katikati, panapotuama maji, tumepanda ndago ndefu za mabondeni. Mzee mmoja alituuliza kwa hasira iweje ang'oe ndago Kisarawe maisha yake yote halafu tumletee apande mjini; tukamwonyesha kwamba hii siyo ile ya shambani. Pembeni kuna ukoka wa kushika udongo, na kwenye kingo pakavu mshubiri na mkonge pori. Penye nafasi tumeweka mkindu, unaovumilia maji na kuwapa kina mama ukili wa mikeka. Matete tumeyakataa kwenye viwanja vidogo, maana mizizi yake haina adabu. Waliopendekeza mashoki mnisamehe: ni mti wa kuja, na kivuli chake hakimfikii mtu.

Samadi nyingi si sifa. Ikizidi, mvua inaisukuma rutuba yake mtoni, na hapo tutakuwa tumeongeza uchafu tuliotaka kuupunguza.

Hoja nzito ilikuwa mbu, na nimeielewa, kwa sababu dengi ya mwaka 2019 haijasahaulika hapa. Mbu anahitaji takriban wiki moja majini tangu yai hadi kuruka. Bustani iliyojengwa vizuri inakauka ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, pima: toboa shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kesho yake ukikuta bado yapo, hapo si mahali pake. Ndiyo maana bondeni kwenyewe hazifai. Maji ya ardhini yako karibu, na udongo wa mfinyanzi haunywi. Kazi hii ni ya huku juu kwenye mchanga.

Sasa niseme lisilopendeza. Wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, yaani wafungulie kinyesi kiende na maji ya mvua. Hakuna ndago wala mkindu utakaosafisha kinyesi, na bustani iliyopokea maji ya choo ni hatari kwa watoto wanaochezea pale. Kamati inapendekeza anayetapisha asimamishwe uanachama mara moja, bila onyo la kwanza. Najua wengine mtaona ni kali. Mjadala uko wazi, lakini mimi kura yangu mnaijua.

Mapendekezo mengine ni mepesi. Kila mwanachama aondoe walau mistari miwili ya pevingi chini ya gata, maji yapate pa kuzama. Bustani ikae si chini ya mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, mbali na karo la choo, na iwe na mlango wa kutolea maji yanayozidi. Kabla ya vuli, toa tope lililojaa mdomoni na ongeza matandazo.

Msaragambo wa kuchimba bustani ya ofisi ya mtaa utakuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi. Njooni na majembe na sururu, miche ipo.

Naomba kuwasilisha.