Vunjajungu la Bielsa

Zaragoza, 16 Februari 2026

Shoga yangu Mwanakheri,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillah, baridi tu ndiyo inatutesa. Ule ujumbe wako wa sauti bado nausikiliza, hasa pale uliposema huna hamu ya kwenda Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya kule Makunduchi, Zanzibar, mwaka huu kwa sababu uwanja umejaa kamera na vijana wanapigana magomba ili wapigwe picha. Nilitaka nikujibu kwa simu, nikaona jambo hili linataka karatasi. Jana mimi na shemeji yako tulikwenda kutembea mji mmoja wa milimani hapa Hispania uitwao Bielsa, tukawakuta kwenye kanivali yao, na tangu turudi ni wewe tu ninayekuwaza.

Kanivali, shoga, ni vunjajungu lao. Keshokutwa Jumatano Wakristo wanaingia Kwaresma, nasi wiki hii hii tunaingia Ramadhani inshallah, basi mwaka huu sote tumevunja jungu pamoja. Sisi tungeteremka pwani na masufuria yetu. Wao wanavaa ngozi za mbuzi na kuingia mitaani.

Tulitoka hapa kiza hakijapasuka. Barabara inapita Huesca na Barbastro, kisha inaufuata mto Cinca kupanda kaskazini, kwenye milima ya Pirenei inayowatenga na Ufaransa. Njiani kuna bwawa la Mediano. Katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa, peke yake. Kilikuwa kijiji kile. Bwawa lilipojazwa mwaka 1969 watu wakahama na nyumba zikazama. Shemeji yako alisimamisha gari, tukashuka, tukatazama mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipoendelea, bonde likazidi kubana, majabali huku na huku, na theluji juu.

Bielsa yenyewe ni ndogo. Iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali mto Barrosa unapomwagikia Cinca, na wakazi wake hawafiki hata 600. Mbele kidogo kuna handaki la kilomita tatu linalotoboa mlima mpaka Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 1976. Kabla ya hapo majira ya baridi yalikuwa yanawafungia kabisa. Nadhani ndiyo sababu sherehe yao ina nguvu vile: watu waliokuwa wakikaa miezi ndani, moshi machoni, wakingoja jua, lazima watoke kwa kishindo.

Na kishindo tumekipata. Vijana wa kiume wa mji wanakuwa Tranga. Tranga anavaa kichwani pembe za beberu pamoja na ngozi yake inayomfunika mgongo, chini sketi ndefu ya rangirangi, kiunoni kwa nyuma amefunga kengele kubwa za ng'ombe. Meno yake ni vipande vya kiazi kibichi. Mkononi ana gogo refu kuliko yeye, na analitwanga chini kwa mpigo mmoja na wenzake huku kengele zikirindima, hata mawe ya njia unayasikia yakitetema chini ya viatu. Wanasema wanaiamsha ardhi ili izae. Pamoja nao anatembea dubu, yaani kijana aliyeshindiliwa majani makavu ndani ya ngozi, akivutwa kwa mnyororo na mtu mwenye fimbo. Watu wa Pirenei tangu zamani humwangalia dubu kujua baridi inakwisha lini, kwa kuwa ndio majira anayotoka pangoni. Na dubu wa kweli bado wapo kwenye milima hii. Walikaribia kutoweka, mpaka mwaka 1996 wakaletwa wengine kutoka Slovenia.

Sasa hapa pana jambo lazima nikwambie, maana najua utaliuliza. Tranga hupaka uso wake weusi, masizi yaliyochanganywa na mafuta. Mama mmoja ninayefanya naye kazi, ambaye kwao ni upande huo, alinionyesha picha mapema, nami moyo ukasita. Hapa Hispania mwezi wa Januari, kwenye maandamano ya Wafalme Watatu, wale Wakristo wanaosema walimzuru Yesu alipozaliwa, kuna miji ambayo Mzungu hupakwa rangi nyeusi na midomo myekundu ili awe Mfalme Baltasar. Hilo linaniuma, na kila linapotokea nalisema. Lakini haya ya Bielsa niliyatazama kwa macho yangu, karibu kabisa, na sikuona mtu anayeigizwa. Niliona kiumbe nusu beberu nusu binadamu, na yale masizi ni ya jiko la nyumbani, jiko lile lile walilolizunguka tangu Novemba. Tranga mmoja alimjia shemeji yako, akasimama, akamwangalia, kisha akanyoosha kidole kumpaka shavuni kama alivyompaka kila mtu pale uwanjani. Shemeji yako akamkubalia. Masizi yale kwake hayakuonekana sana, lakini bibi mmoja aliyekuwa kando yetu alipiga makofi kwa furaha na kutwambia kwamba sasa na sisi ni wa Bielsa mpaka jioni. Nilifurahi, Mwanakheri. Miaka yote hii hapa ni mara chache mtu kunihesabu katika wenyeji bila kuniuliza kwanza nimetoka wapi.

Yule bibi ndiye aliyetukamata mkono siku nzima. Nilikuwa nimechukua mandazi ya iliki, nikamkaribisha, naye akatununulia chokoleti ya moto, nzito ile ya kuchovyea mkate. Vyakula vingi vya hapo vina nguruwe, hivyo tulikula mandazi yetu tukashiba.

Mchana Tranga wakaenda nyumba kwa nyumba kuwachukua wasichana. Wasichana hao huitwa Madama, nao huvaa nguo nyeupe tupu zilizoshonewa utepe wa kila rangi. Ukiona zile pembe na masizi karibu na ule weupe, unaelewa kwa nini watu wameyashikilia haya. Wanakwenda wote hadi uwanjani, wanacheza, na hapo kila mtu anaingia, wazee kwa watoto.

Kwenye dirisha la jumba la halmashauri walikuwa wamemtundika mwanasesere wa majani makavu, Cornelio Zorrilla. Kila baya la mwaka linatupwa kwake: mavuno mabovu, ugomvi wa majirani, maradhi. Mwisho wa sikukuu huhukumiwa na kuchomwa moto. Sikungoja nifafanuliwe. Nilimweleza bibi juu ya kibanda chetu cha makuti kinachochomwa Makunduchi, juu ya wanaume wa kusini na wa kaskazini wanaotoleana hasira za mwaka mzima kwa magomba, juu ya kina mama wanaozunguka wakiimba na kupasua ukweli bila mtu kuwashtaki, kisha wote wanakula pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: na nyimbo hizo unazijua? Nikamwimbia mbili tatu, nikakwama.

Ndipo akatwambia habari za mji wake. Mwaka 1938, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, jeshi la Jenerali Franco, aliyeiasi serikali ya Jamhuri, liliuzingira mlima huu kuanzia Aprili mpaka katikati ya Juni. Divisheni ya 43 ya jeshi la Jamhuri ilishikilia bonde ili watu wapate njia ya kukimbilia Ufaransa, na raia maelfu walipanda kwa miguu, kwenye theluji, na watoto na mifugo yao, kwenye kipito cha juu ya mita 2,000. Mji ukapigwa mabomu ukaungua karibu wote. Jumba lile la halmashauri, lililojengwa karne ya 16, ni katika machache yaliyosalia, na ndani sasa kuna makumbusho: upande huu picha za wakimbizi, upande huu nguo za Tranga. Tena serikali ya Franco ilikuwa imepiga kanivali marufuku tangu 1937. Watu wa Bielsa wanasema wao hawakuiacha. Walirudi kwenye majivu, wakajenga kuta, wakatafuta pembe.

Na kamera zilikuwepo, shoga yangu. Wageni tele, magari yamepanga foleni mpaka nje ya mji, nasi wenyewe tukiwa wageni. Lakini Tranga hawakumgeukia mpiga picha hata mmoja. Walikuwa wanamtafuta binti wa fulani kwenye nyumba ya fulani, na mgeni akikaa njiani alisukumwa pembeni kwa adabu. Ngoma ilikuwa yao kwa sababu walikuwa na kazi ya kufanya ndani yake. Na kwetu mgeni ni sehemu ya Mwaka. Unakumbuka wazee walivyosema nyumba isiyopata mgeni siku ile haikujaliwa heri. Kwa hiyo mimi siwalaumu watalii. Ninachoogopa ni wenyeji kama wewe kubaki nyumbani, maana ukibaki wewe, wanabaki wao na kamera zao kweli.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza uende mwezi wa Julai, uvae kanga yako mpya, uimbe kwa sauti yako yote. La pili ni zito zaidi: kaa na bibi yako mapema, asubuhi anapokuwa na nguvu, umrekodi nyimbo zote za Mwaka anazozikumbuka, hata zile zenye matusi, hizo hasa. Uulize nani alitungiwa na kwa kosa gani. Miye nitaziandika zote kwenye daftari, na nikija nataka nifundishwe pale nilipokwama. Shemeji yako amesema atatuma pesa ya simu mpya yenye kinasa sauti kizuri, na nimemshika neno lake.

Msalimie sana bibi na watoto, na mama Makunduchi ukienda. Mwezi ukionekana huko nipigieni usiku huo huo, hata kama huku ni saa ya kulala.

Ramadhani Karim.

Shoga yako akupendaye,
Zainabu