Ruzuku za uongozi ziwafikie wasichana wa mashinani

Mhariri,

Mwaka 2022 Wakenya tulichagua magavana wanawake 7 kati ya 47, kutoka 3 mwaka 2017. Nilifurahi sana. Lakini uongozi hauanzi siku ya kampeni. Huanza msichana anapopewa nafasi ya kusema mbele ya watu.

Kikundi chetu cha wasichana hapa Kilifi hukutana kila Jumamosi chini ya mwembe. Juma lililopita msichana wa kidato cha pili aliongoza kikao kwa mara ya kwanza. Alishika daftari la kumbukumbu kwa mikono miwili, sauti ikimtetemeka hadi ajenda ya tatu. Hapo akamwomba mjomba wake, kwa adabu, asubiri zamu yake. Mjomba akanyamaza, akakaa.

Tuliomba ruzuku kwa mfadhili mmoja. Fomu ndefu, yote kwa Kiingereza, na tukatakiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Mkaguzi tumlipe nini, ilhali hata kalamu tunachangishana? Na wanaobahatika hupewa fedha za mwaka mmoja tu: mtoto ndiyo kwanza anazoea kusimama, mradi umefungwa.

Wafadhili, pokeeni maombi kwa Kiswahili. Kubalini taarifa za benki za kikundi na barua ya chifu. Toeni fedha za miaka mitatu mfululizo, na nauli iwemo kwenye bajeti. Bila nauli, msichana wa Ganze, huko bara ya kaunti yetu, hafiki mkutanoni.

Mlezi wa kikundi cha wasichana,
Kilifi