Profesa Si Mpiga Ramli

Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako na kunyamaza. Ile makala yenu kuhusu profesa wa hisabati imenishinda. Mwandishi wenu amemaliza safu mbili kwa nywele za mzee na makaratasi yaliyorundikana mezani, kisha akasema "ameshindwa kuchagua" kati ya nadharia ya namba na uwezekano, kama mume mwenye nyumba mbili.

Nani kamwambia hayo hayahusiani? Okota kwa kubahatisha namba kamili mbili kubwa: uwezekano wa kutokuwa na kigawo cha pamoja zaidi ya 1 ni 6 gawanya kwa mraba wa pai, karibu asilimia 61. Pai, ile ya duara, imefuata nini huko? Profesa alituuliza hivyo darasani, akatuacha tuhangaike kwanza ndipo akashika chaki. Na namba haibahatishi: 15 ni 3 mara 5, jana na kesho. Lakini mwaka 1940 wanahisabati Erdős na Kac walichapisha uthibitisho kwamba ukizitazama namba kwa wingi wake, idadi ya vigawo vyake tasa (vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe, kama 3 na 5) hutawanyika kwa umbo la kengele, nyingi katikati na chache pembeni, kana kwamba kila namba tasa imerusha sarafu yake. Hiyo ndiyo kazi ya mzee. Ninyi mkaipa kichwa "Bingwa wa Bahati"!

Matokeo yake, mpwa wangu kanijia na gazeti mkononi: "Mjomba, si alikufundisha? Mwambie atupangie mkeka." Nikamweleza kwamba malipo yamepangwa ili mwenye kampuni ya kubeti apate faida, na kadiri unavyobeti ndivyo hasara inavyozidi kuwa ya uhakika. Akaguna: basi hesabu hizo za kazi gani?

Vyuo navyo vina lao. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa machapisho. Wanafunzi aliowafundisha kuthibitisha jambo hadi mwisho hawahesabiwi na mtu.

Sikuombi uombe radhi. Ukurasa unaofuata makala ile umejaa utabiri wa mechi. Andika juu yake, kwa herufi nene kama za "Bingwa wa Bahati": mechi kumi zisizotegemeana, kila moja ukiwa na asilimia 60 ya kupatia, kuzipata zote ni kama mara 6 katika 1,000. Mwandishi wenu aihakiki hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu.

Mwalimu wa hesabu