Maziwa yakitoka na huna mtoto, omba upimwe prolaktini

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo sisi wanawake tunalifichaga sana.

Mimi nina uvimbe kichwani, sio kansa, na sijapasuliwa. Watu wakisikia uvimbe kwenye ubongo wanaanza kulia hapohapo, kwao ni kufunguliwa fuvu au kupelekwa India basi. Wangu uko kwenye tezi ya pituitari, katezi kadogo kama harage chini ya ubongo, unamwaga homoni ya prolaktini, ile ya kuleta maziwa, kupita kiasi, ndo maana hedhi ilikata na maziwa yakawa yanatoka wakati sijawahi kuzaa. Nilikuwa naweka kitambaa ndani ya sidiria blauzi isilowe kazini. Mama mkwe akasema nimefungwa kizazi tukaenda kwa mganga, na zahanati kila nikienda ni kipimo cha mimba na vidonge vya kurudisha hedhi, homoni hakuna aliyezigusa. Mpaka nikawa nagonga miimo ya milango kwa bega na bodaboda ikitokea ubavuni siioni, kumbe uvimbe ukikua unabana mishipa ya macho inayopita juu yake, unabaki unaona mbele tu. Daktari wa macho ndo alishtuka, akaniambia nimwangalie puani huku anachezesha vidole pembeni, sikuviona, akaniandikia MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, na kipimo cha prolaktini.

Tiba yangu ni vidonge vya cabergoline, mara mbili kwa wiki. Kwa uvimbe wa aina hii wengi vidonge vinawatosha kabisa, unasinyaa, na hata ikifika kupasuliwa mara nyingi wanapitia puani. Bei inauma jamani, na kichefuchefu kipo, mimi nameza usiku nikishakula. Lakini maziwa yamekata, hedhi imerudi, nashukuru Mungu pembeni naona. Na ukipata nafuu usiache dawa mwenyewe, uvimbe unaweza kukua tena.

Manesi na madaktari wa kliniki zetu nawaomba sana, mwanamke hedhi imekata, maziwa yanatoka na mimba hana, muulizeni anatumia dawa gani maana zipo za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinazopandisha prolaktini, mpimeni na tezi ya shingo, halafu prolaktini yenyewe. Wanaume nao wanapata, kwao inaanza na nguvu za kiume kupungua na hamu kuisha, nao wapimwe damu kabla hawajaenda kununua mizizi.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam