Uganda nayo ni nje

Nyegezi, Mwanza

Kabula mpenzi,

Habari za Geita, na mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku hatujambo.

Unauliza tubebe nini kwenda Kampala. Mwenzangu, begi ni jambo dogo. Hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, Mutukula unavuka. Kinachonikera ni wenzetu kwenye kundi letu la safari. Wangekuwa wanakwenda Ujerumani wangekesha wakijifunza kushika uma. Kwa kuwa ni Uganda, wanasema, "Si hapo ng'ambo tu, maji ni haya haya."

Basi nikaenda Makoroboi kwa yule mama wa Masaka, Uganda, anayeuza vitenge, nikakaa kitako anieleze. La kwanza aliloniambia: kwa wazee tusitangulize Kiswahili. Nilishangaa, maana nilidhani ndicho kitakachotufungulia milango. Kumbe kwa watu wengi wa rika lake ni lugha ya askari. Kilitumika jeshini tangu enzi za Waingereza hadi za Amin, na ukikisikia mlangoni usiku ulijua kuna balaa. Mwaka 2022 baraza lao la mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi, lakini uoga wa namna hiyo hauondolewi kwa kikao. Kwa hiyo tuanze kwa Kiganda, "Wasuze otya, nnyabo", yaani umeamkaje, mama, au "ssebo" kwa mwanamume, ndipo tuulize njia au bei. Kwa vijana hakuna shida.

Halafu kuna ile vita yetu na Amin. Unajua babu anavyopenda kusimulia ndege ya Libya iliyokuja mwaka 1979 kumsaidia Amin, ikalenga matangi ya mafuta hapa Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Hapa nyumbani tunacheka. Kule tusiifanye utani. Askari wetu waliingia Kampala Aprili mwaka huohuo, na hujui mwenyeji wako anaikumbuka kwa shukrani au kwa machungu. Akitaka kusimulia, tumwache asimulie.

Jambo jingine ni Kasubi. Wenzetu wameiandika kwenye ratiba kama "sehemu ya kupiga picha", nikachoka! Yale ni makaburi, Kabula. Chini ya lile paa kubwa la nyasi wamelala makabaka wanne, wafalme wa Buganda, kuanzia Mutesa wa Kwanza aliyefariki mwaka 1884. Nyumba iliteketea kwa moto Machi 2010, ikabidi ijengwe upya. Viatu vinavuliwa nje, wanawake tunavaa gauni au sketi ndefu, tunakaa mkekani miguu ikiwa upande, kama tunavyokaa msibani. Sisi tuliolelewa kupiga goti kwa wazee hatutapata tabu. Nawaonea huruma wale waliozoea jinzi.

Chakula sina wasiwasi nacho. Matoke yaliyovukizwa kwenye majani ya mgomba, kwa mchuzi wa karanga, nani atakataa? Labda wewe na ugali wako.

Mwalimu amekubali mama huyo aje Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, atufundishe salamu na ukaaji. Usikose. Siku hizi kuna daraja pale Busisi, kisingizio cha kivuko kimekwisha. Uje na lile gauni lako la bluu tuone kama linafika chini ya goti, na mwambie Shija naye asije na kaptula.

Wako,
Neema