Bosi, naomba Jumatano moja nikae na wanangu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku, maana haya mambo nikiyaongea ofisini watu wanacheka tu.

Iko hivi. Ukitaka ruhusa ya siku moja kazini hapa Dar, sababu zinazopita zinajulikana: msiba, ugonjwa, kesi mahakamani, na harusi kama ni ya ndugu wa damu kabisa. Sasa jaribu kusema nataka kukaa nyumbani na watoto wangu, watoto wazima, hakuna anayeumwa. Bosi anakuangalia kama vile umemwambia unataka kwenda kulala. Ndo maana watu wanazika ndugu hewa, kuna jamaa kazini kwetu babu yake kashafariki mara kadhaa na mzee wa watu yupo kijijini analima na afya yake tele, na HR, yule afisa wa utumishi, anajua na anasaini hivyo hivyo, kwa sababu msiba hata wa uongo unaeleweka kuliko Jumatano ya kweli na mtoto.

Tusiilaumu sana sheria. Ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi na malipo, akijifungua mapacha zinakuwa 100, likizo ya mwaka ni siku 28, mtoto akiumwa au akifariki una siku zisizopungua 4. Baba sasa, mke akijifungua anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Tatu, mhariri. Kitovu hakijadondoka baba yuko kazini anaulizwa ripoti iko wapi, wakati wenzetu Kenya hapo jirani sheria yao ya 2007 imempa baba wiki 2. Ila hata hilo silo lililonishikisha simu niandike. Ukiisoma vizuri hii sheria yetu utaona mtoto anakumbukwa akizaliwa, akiumwa na akifa, lakini hapo katikati, mtoto mzima wa miaka mitatu minne anayekushika suruali mlangoni anauliza baba unaenda tena, huyo hana kifungu.

Na ukikaa pembeni ya jiji ndo kabisa. Mimi nakaa Chanika kazi iko Posta, katikati ya jiji. Natoka saa kumi na moja alfajiri wamelala, narudi saa mbili usiku kama foleni ya barabara ya Nyerere imekaa vizuri, wamelala, na tangu uanze ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi kwenda Gongo la Mboto haijawahi kukaa vizuri. Ukijumlisha hapo sheria inasema kazi isizidi masaa 45 kwa wiki, sawa hayazidi, ila yale ya kwenye daladala hayaandikwi popote. Mtoto anakujua kwa harufu ya shati na sauti ya geti.

Watu wananijibu si una wikiendi. Wikiendi ipi? Jumamosi nusu siku nipo kazini, mchana kikao cha harusi, jioni nakwenda kuhani msiba, Jumapili asubuhi kanisani, mchana kikoba cha mama watoto, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, wageni wamejaa sebuleni na watoto wanafukuzwa nje wakacheze. Wikiendi ya mtu mzima wa mjini ni mali ya ukoo na mtaa. Ndo nikagundua siku nzuri ni katikati ya wiki, Jumatano hakuna mtu anayekualika kitu, kila mtu anajua uko kazini, hata wanaokudai hawakutafuti.

Nikaomba. Nikasema ukweli, bosi nataka siku moja kwenye likizo yangu nikae na wanangu, akacheka, akauliza mkeo kasafiri? Nikamwambia hapana yupo. Akasaini akitikisa kichwa.

Sasa kituko kilikuwa mtaani. Saa tatu asubuhi niko nje na kaptula nasukuma baiskeli ya mtoto, jirani wa kwanza shemeji kwema? Wa pili kanivuta pembeni ananiuliza kwa sauti ya chini kama nimesimamishwa kazi, maana kama ni hivyo kuna mtu anamjua anatafuta msimamizi wa ghala. Dada wa kazi naye alikuwa hajui aendelee na ratiba yake au anipishe. Hakuna aliyewaza kwamba baba anaweza kuwa nyumbani siku ya kazi na hakuna tatizo lolote.

Na wala hatukufanya kitu cha gharama, hapo ndo watu wanakosea wanadhani siku ya watoto lazima ukalipie maputo na mabembea. Tulipanda daladala hadi mjini tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tukashuka, tukala mihogo, tukapanda tena kurudi. Basi. Mkubwa alitaka kujua pantoni inakatia kona wapi, mdogo alikuwa anapungia mkono kila mtu na watu wazima wenye haraka zao wanampungia, nilishangaa. Treni ya umeme wameniomba pia, tangu ilipoanza kwenda Morogoro mwaka 2024 watoto wa mtaani hawana wimbo mwingine, nimewaambia tutapanga. Ila kilichonichoma kidogo ni kujua mambo ambayo kila mtu pale nyumbani anayajua isipokuwa mimi, kwamba mdogo hali tena uji mpaka autie karanga mwenyewe, kwamba mkubwa anaogopa mbwa wa nyumba ya kona na anazunguka njia ya nyuma kwenda chekechea, kwamba na muuza duka wana utani wao wa kila asubuhi. Hizo habari hazifiki kwenye simu. Mama yao hana muda wa kuniandikia meseji kuhusu karanga.

Hapa niseme na jambo la kina mama maana nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Mimi baba nikiomba ruhusa ya watoto nachekwa halafu nasifiwa, eti baba wa mfano. Mwanamke ofisi hiyo hiyo akiomba kitu hicho hicho anaambiwa ndo shida ya kuajiri wanawake. Sheria inamruhusu anayenyonyesha kutumia hadi masaa 2 kwa siku kwenye muda wa kazi akanyonyeshe, ni nzuri, lakini mtoto yuko Chanika mama yuko Posta, masaa mawili hayo anafika Ukonga, njiani tu, ageuze. Wengi wanakamulia chooni tu. Aliyeandika kile kifungu nadhani alikuwa anakaa karibu na ofisi.

Najua kuna mtu ataandika kunijibu kwamba haya ni maneno ya wenye mishahara, bodaboda na mama ntilie wasipotoka hawali. Kweli kabisa, mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni hajali una watoto wangapi. Ila jirani yangu bodaboda mchana anapitia nyumbani anakula na wanawe, akimaliza anampandisha mmoja mbele wanazunguka mtaa mara moja halafu anarudi kijiweni. Kwa kuwaona watoto ananizidi mbali, mimi mwenye mkataba na bima.

Kwa hiyo maombi yangu kwa mabosi na HR wanaosoma gazeti hili sio siku za nyongeza. Zile 28 zipo, ni zetu. Shida ni ile kauli ya likizo haikatwi vipande, sheria imesema siku mfululizo, chukua zote Desemba uende kwenu. Sawa imesema mfululizo, lakini sijawahi kusikia mfanyakazi kamshitaki mwajiri kwa kumpa Jumatano moja aliyoiomba mwenyewe. Mkipanga ratiba ya likizo Januari acheni siku mbili tatu za kuokota mwaka mzima, na kwenye fomu pale palipoandikwa sababu mtu aandike watoto na isiwe kichekesho cha ofisi nzima.

Na vyama vya wafanyakazi, mko wapi? Kila Mei Mosi tunabeba mabango ya mshahara na kikokotoo cha pensheni, ni haki yetu na mimi nipo kwenye msafara kila mwaka, lakini bango la siku 3 za baba sijaliona. Kama kuna tawi lolote linaloliandaa la mwaka huu naomba waniambie kupitia ukurasa huu, nitakuja kushika upande mmoja, na watoto nitawabeba maana Mei Mosi angalau haiombewi ruhusa.

Baba wa wawili,
Chanika, Dar es Salaam