Mwanangu, maji kwanza, mafuta baadaye

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia unapaka mafuta kila asubuhi na nywele bado zimekauka kama makuti. Mafuta hayalowanishi nywele. Kazi yake ni kuchelewesha maji yaliyomo yasitoke. Ukipaka kwenye nywele kavu, unaufungia ukavu ndani.

Nywele zako zina dawa ya kunyoosha, na dawa ile ni kali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hufika 12 au 13. Huinua magamba ya unywele na kuvunja viunganishi vinavyoshikilia msokoto, na baada ya hapo magamba hayalali tena sawasawa. Ndiyo maana maji huingia upesi na kutoka upesi vilevile.

Osha mara moja kwa wiki. Nusu saa kabla, paka mafuta ya nazi, kama vijiko viwili vya chakula kwa nywele za kufika mabegani. Haya yana ruhusa kwenye nywele kavu, kwa sababu huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kuvimba unapolowa. Shampuu isugue kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa ncha za vidole. Povu linaloshuka linatosha kusafisha sehemu iliyobaki.

Kabla ya kondishena, kamua maji. Hapa wengi hukosea: nywele zikiwa zinachuruzika, kondishena yote hupunguzwa nguvu na kuishia sakafuni. Anza kupaka kwenye ncha, maana ndizo kongwe, kisha panda juu. Vaa kofia ya plastiki dakika 20 hadi 30, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Kulala nayo hakuna faida; nywele hulegea tu.

Kausha kwa kubonyeza na fulana kuukuu, usifikiche kwa taulo. Zikiwa bado na unyevunyevu, zigawe mafungu manne, kila fungu lipate kondishena isiyosuuzwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai, halafu matone matatu au manne ya mafuta juu yake. Mpangilio huo usiugeuze. Chana kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia chini.

Ukinunua losheni ya nywele, soma viambato. Cha kwanza kiwe maji, mara nyingi huandikwa "aqua". Kikiwa petrolatamu, hiyo ni grisi, hata kopo likisema nini.

Siku za katikati, paka losheni kidogo usiku kwenye ncha na kisogoni, ambako foronya husugua, kisha funga kitambaa cha sateni. Pamba hufyonza unyevu uleule uliohangaika kuutia.

Zikiendelea kukatika, chukua unywele mmoja uliodondoka, ulowanishe, uvute polepole. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, umekosa unyevu. Ukivutika sana na usirudi, umelegea: tumia kondishena ya protini mara moja, kisha usirudie kabla ya wiki nne. Kuongeza protini kwenye nywele kavu huzifanya ngumu na kuzivunja zaidi.

Kama dawa yako ni ile ya kuchanganya krimu na kimiminika, ina madini ya kalisi, na kalisi hiyo hubaki juu ya nywele na kuzifanya zikwaruze hata baada ya kondishena. Mara moja kwa mwezi osha kwa shampuu yenye EDTA, kemikali inayonasa madini hayo na kuyaondoa. Maji ya chumvichumvi nayo huacha utando wa namna hiyo, na dawa yake ni hiyohiyo.

Ritachi, yaani kurudia dawa nywele zikiota, isiwe chini ya wiki nane, na iguse nywele mpya peke yake. Usioshe wala kukuna kichwa siku mbili tatu kabla yake, na ukiwa na kidonda kichwani, ahirisha. Mwambie msusi apake kondishena nzito au grisi kwenye nywele za zamani kabla ya kuanza, ili dawa ikishuka wakati wa kusuuza isizile tena.

Mama yako